Juu ya Mtindo wa Lugha Katika Shule za Kando ya Ziwa

Zamani kidogo, katika shule moja ya kando ya Ziwa Victoria upande wetu wa Mwanza, tuliketi jioni na madaftari arobaini mbele yetu na kalamu ya wino mwekundu mkononi. Wanafunzi walikuwa wameandika insha juu ya usiku ambao hawatausahau, na kwa insha iliyo bora palikuwa na zawadi ya kitabu. Tulipokwisha kusoma zote, zilibaki mbili za kushindaniwa.

Mtoto wa kwanza aliandika habari za safari ya jahazi. Maji yalikuwa yamekupwa, alisema, na pepo za kaskazi zikivuma, na nahodha mkongwe akatweka tanga huku nyota zikimeremeta mithili ya lulu. Giza lilikuwa totoro. Methali zilikuwamo tatu, na kila moja imewekwa mahali pake kama kifungo katika kanzu.

Mtoto wa pili alikuwa mwana wa mvuvi, naye aliandika hivi: “Usiku ule giza lilikuwa giza. Baba akasema, twende. Tukaenda. Taa tukaiwasha. Tukangoja. Dagaa wakaja. Wakaja, wakaja. Maji yakachemka bila moto. Baba akanong’ona, usiseme, wanasikia. Tuliludi asubuhi mtumbwi umeshiba.”

Zawadi tulimpa wa kwanza. Katika daftari la pili tulifuta “giza lilikuwa giza” tukaandika juu yake “giza totoro”. Tulifuta “wakaja, wakaja” tukaandika “walikuja kwa wingi mno”. Maneno “mtumbwi umeshiba” tuliyazungushia duara, na pembeni tukaandika: “Mtumbwi hauli.” Neno “tuliludi” tulilisahihisha kuwa “tulirudi”, na hilo peke yake ndilo tulilolisahihisha kwa haki.

Walimu wenzetu watatuelewa tukisema kwamba hatukudhani tumefanya kosa. Mtoto yule hakulalamika. Insha zake zilizofuata zilikuwa safi, hazikuwa na l mahali pa r, na zote zilikuwa zimekufa. Mwaka mzima hakuandika tena sentensi ambayo mwenzake asingeweza kuiandika. Makala haya tunayaandika kwa ajili ya jambo hilo, maana twaamini kwamba haikuwa shule yetu tu, na kwamba yatupasa sisi tulio walimu, na ninyi mapadri na wachungaji mlio na shule chini ya ulinzi wenu, kujua vema mtindo wa lugha ni kitu gani kabla ya kushika tena wino mwekundu.

Kwanza tuitazame ile insha iliyoshinda. Ziwa letu halina kupwa na kujaa kunakoonekana kwa macho. Mtu akae ukingoni toka Mwanza hata Musoma, akae mwezi mzima, hataona maji yakiondoka na kurejea kama yafanyavyo Tanga au Unguja. Maji ya ziwa hupanda na kushuka kwa majira na kwa miaka. Kati ya mwaka 1961 na 1964 yalipanda zaidi ya mita 2, yakameza mashamba na magati, wala hayakurudi upesi. Mwaka 2020 yakapanda tena hata watu wa ukingoni wakahama nyumba zao. Pepo zetu nazo si kaskazi na kusi za mabaharia. Usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mchana hutoka ziwani kuja nchi kavu, na kila mvuvi hupanga kazi yake kwa hizo mbili. Basi mtoto yule wa kwanza alikuwa ameandika bahari asiyopata kuiona, kwa maneno aliyoyatoa katika vitabu vya pwani, nasi tuliyeiona mara mbili tu tukamsifu kwa kuielewa.

Hatusemi neno juu ya Kiswahili cha pwani. Ndiko lugha ilikotoka, na mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930, ilikuwa ni kheri kwetu sote, kwa kuwa bila hivyo mtu wa Ukerewe na mtu wa Kilwa wasingeweza kusoma kitabu kimoja. Lakini kilichosanifishwa ni tahajia, sarufi, na maana ya maneno. Hakuna kamati iliyopata kuagiza kwamba maji yakupwe Mwanza.

Sasa, mtindo ni nini? Katika shule zetu somo la fasihi limegawanyika katika fani na maudhui, na mtindo umewekwa katika orodha ya fani pamoja na muundo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Mwanafunzi akiulizwa juu ya mtindo wa kitabu chochote, hujibu bila kukifungua: mwandishi ametumia masimulizi, ametumia dayalojia na monolojia, ametumia nafsi zote tatu. Jibu hilo si la uongo. Ubaya wake ni kwamba lafaa kwa kila kitabu kilichopata kuandikwa, na kwa hiyo halisemi neno juu ya hiki alichonacho mkononi. Ni kama kuulizwa habari za mtu fulani ukajibu kwamba ana kichwa, mikono miwili na miguu miwili.

Wale waliosoma seminari zamani walifundishwa namna nyingine. Wao walijifunza kwa Kilatini mgawanyo wa Cicero, kwamba pana usemi mwepesi wa kufundishia, usemi wa katikati wa kupendeza, na usemi mkuu wa kuitikisa mioyo. Mgawanyo huo una faida yake kwa mhubiri, nasi tutaurudia. Ila wengi waliojifunza hivyo walibaki na fikira kwamba mtindo ni pambo linalovishwa juu ya maneno, kama kitambaa juu ya meza, na ya kuwa meza ni ile ile ukiondoa kitambaa.

Mwaka 1909 mtaalamu mmoja wa Geneva, Charles Bally, alichapa kitabu chake kikubwa juu ya elimu ya mitindo ya Kifaransa. Hakuanza na washairi. Alianza na usemi wa kila siku, wa sokoni na nyumbani, akauliza: ikiwa lugha inazo njia tatu au nne za kusema jambo lile lile, kila njia inaongeza nini juu ya habari yenyewe? Inaonyesha moyo gani wa msemaji, na cheo gani, na ukaribu gani kati yake na asikilizaye? Twapenda kukumbusha kwamba katika mwaka huo huo wa 1909 Padre Eugène Hurel alitoa kwa chapa sarufi yake ya Kikerewe. Yawezekana hao wawili hawakupata kusikiana majina. Lakini anayezisoma kazi zao pamoja huona kwamba mmoja alikusanya njia za lugha na mwingine alifundisha jinsi ya kuuliza kwa nini njia hii imeshikwa na ile ikaachwa.

Basi mtindo ni uchaguzi. Palipo njia moja tu, hapana mtindo, pana sarufi. Palipo njia mbili zilizo sahihi zote, na mtu akashika moja, hapo ndipo mtindo uanzapo. Tuipime kauli hii kwa Kiswahili chenyewe, ambacho ni tajiri wa njia kuliko tunavyofundisha.

Tuseme mgeni amefika. Naweza kusema “Mgeni alifika”, naweza kusema “Alifika mgeni”. Sarufi haioni tofauti kubwa. Lakini katika ile ya kwanza mgeni tunamjua, tulikuwa tukimngoja. Katika ya pili mlango umefunguka na mtu tusiyemtazamia amesimama kizingitini. Au tazama “mtu asemaye kweli” na “mtu ambaye anasema kweli”. Maana ni moja, ila ya kwanza yakaa vizuri katika mahubiri na katika hukumu ya baraza, na ya pili katika maelezo ya polepole ya mtu anayetafuta neno lake. Mwalimu afundishaye kwamba moja ni ya zamani na nyingine ni ya sasa amefundisha nusu tu. Hata kurudia neno ni njia. “Walikuja kwa wingi mno” hutupa hesabu ya mtu aliyekaa pwani, kazi imekwisha, anatoa taarifa. “Wakaja, wakaja” hutuweka ndani ya mtumbwi, na dagaa bado wanakuja.

Kadhalika nyakati za kitenzi. Li huweka jambo mahali pake, kama msumari; ka huliongoza kwenda mbele, kila tendo likimshika lililotangulia kwa upindo wa nguo. Mtoto aliyeandika “akasema, tukaenda, tukaiwasha, tukangoja” alikuwa anatumia ka jinsi wazee wa ziwani wasimuliavyo hadithi kwa Kiswahili, na tena jinsi alivyoisikia kila Jumapili, maana tafsiri ya Biblia iliyotolewa mwaka 1952, ambayo masikio ya Wakristo wengi wa nchi hii yamelelewa nayo, imejaa mfululizo huo wa ka katika vitabu vya habari. Na alipoandika “Taa tukaiwasha”, alitanguliza taa kwa sababu katika uvuvi wa dagaa taa ndiyo kila kitu. Dagaa huvuliwa usiku usio na mwezi. Mwanga wa karabai, au siku hizi wa taa za betri na za jua, ndio unaowavuta. Baba alipowasha ile taa kazi ilikuwa imeanza. Sentensi ya mtoto ilijua hilo.

Tena kuna jambo la lugha za nyumbani. Lugha zetu nyingi za kando ya ziwa hutenganisha ndani ya kitenzi chenyewe jambo lililopita leo, lililopita jana, na lililopita zamani. Kiswahili kina li kwa zote tatu. Mtoto akivuka toka lugha ya mama yake kuingia Kiswahili, huhisi kama amevuliwa nguo moja, naye huitafuta kwa maneno mengine: “zamani zile”, “jana ile”, “leo hii hii”. Sisi walimu huyafuta tukisema ni maneno ya ziada. Mara nyingine ni ya ziada kweli. Mara nyingine mtoto anatuambia kitu ambacho Kiswahili cha kitabu hakikumpa mahali pa kukisemea, na hapo mwalimu afadhali asimamishe kalamu akauliza.

Katika habari hii nchi yetu ya ziwani ina bahati kubwa, maana kutoka kisiwa kimoja cha Ukerewe wametoka waandishi ambao kwao mwanafunzi aweza kuona mtindo waziwazi.

Wa kwanza ni mzee Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, akasoma misheni ya Kagunguli na baadaye seminari ya Rubya. Alitunga kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke wanaopendana na ambao hawakujaliwa mtoto, hata wakwe wakamchukua binti yao, na mume akamfuata kumrudisha. Mwisho wakapata Ntulanalwo na Bulihwali. Aliimaliza mwaka 1945, akitiwa moyo na rafiki yake Padre Almas Simard wa Kanada. Hakupatikana mchapaji wa kitabu cha Kikerewe. Miaka ikapita, na mzee mwenyewe akaketi akakigeuza chote kuwa Kiswahili. Kilichapwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, zaidi ya kurasa 600, na mwaka uliofuata, 1981, Kitereza akafariki.

Anayekisoma mara ya kwanza, hasa aliyezoea riwaya za shule, huchoka. Watu wakikutana husalimiana mpaka salamu ziishe. Pombe ikipikwa, tunaonyeshwa tangu ndizi mpaka kibuyu. Mgonjwa akitibiwa, twajua dawa imechimbwa namna gani na mganga ameketi wapi. Nasi tulipokisoma mara ya kwanza tulidhani kwamba mhariri mwenye mkasi angekisaidia. Leo hatudhani hivyo. Mzee aliandika kwa ajili ya vizazi vitakavyokuja ambavyo havitaona mambo hayo, na zaidi ya hayo, katika jamii anayoieleza heshima ndiyo kutokukatiza. Msukuma akikuamkia “Mwangaluka” asubuhi, haharakishi kupita. Na Mkerewe wa zamani hakuwa na haraka kuliko yeye. Mtindo ule mrefu ni adabu iliyoandikwa. Ukiupunguza, unabaki na kisa cha mume na mke, na kile alichotaka kukionyesha kimetoka mlangoni.

Tena Kiswahili chake kimebeba Kikerewe ndani yake, si maneno tu bali mwendo. Ndiyo maana wafasiri wamekiendea kwa njia mbili: Wilhelm Möhlig alikitia katika Kijerumani kutoka Kiswahili, vitabu viwili, mwaka 1991 na 1993, naye Gabriel Ruhumbika, mwana wa Ukerewe na mwandishi mwenyewe, alirudi katika Kikerewe cha asili alipokitafsiri kwa Kiingereza, kikatoka Dar es Salaam mwaka 2002. Kama mtindo ungekuwa kitambaa juu ya meza, hapangekuwa na haja ya kurudi.

Wa pili ni Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, kisiwa kile kile, mwaka 1944, akasoma seminari ya Nyegezi hapa karibu na Mwanza. Lugha ya nyumbani ni ile ile, mapadri waliomfundisha ni wa jadi ile ile. Mtu angetazamia mtindo ule ule. Walakini fungua Rosa Mistika ya mwaka 1971, ambayo kisa chake chaanzia Namagondo hapo hapo. Sentensi ni fupi. Hasalimu, hangoji; huingia nyumbani mwa watu bila kubisha hodi na kukuonyesha ugomvi uliomo. Kitabu kiliwashtua wengi, kikazuiwa shuleni kwa muda. Na twaona kwamba sehemu ya mshtuko ilitokana na kisa, na sehemu ilitokana na ufupi ule, kwa kuwa jambo la aibu likisemwa kwa maneno marefu watu huvumilia, likisemwa kwa maneno matano huona kuwa wametukanwa.

Mwaka 1974 akatoa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofuata vina na mizani, akieleza kwamba alitaka kuandika kwa usemi wa watu wa kawaida. Hapo pakazuka mabishano ya miaka mingi. Wenye kushika kanuni, ambao Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuwa amewaandikia sheria zao katika kitabu cha mwaka 1954, walisema kwamba kisicho na vina na mizani si shairi la Kiswahili. Upande wa pili walisimama, pamoja na Kezilahabi, vijana wawili, Mulokozi na Kahigi, waliotoa Malenga wa Bara mwaka 1976. Hatutayafufua mabishano hayo hapa. Sisi tunapenda utenzi ulio na vina kamili na hatuoni haya kusema. Lakini Mwalimu Julius Nyerere, naye mtu wa Butiama upande wa mashariki wa ziwa, alikuwa ametumia mistari isiyo na vina tangu mwaka 1963 alipomfasiri Julius Caesar wa Shakespeare, na watu hawakupiga kelele kiasi hicho.

Na kwa kuwa tumemtaja Mwalimu, atupe mfano wa uchaguzi wa neno moja. Mwaka 1969 alifasiri mchezo mwingine wa Shakespeare, ambao jina lake la Kiingereza lamtaja mfanyabiashara mmoja wa Venisi. Yeye akauita Mabepari wa Venisi. Angeweza kusema “mfanyabiashara”, au “tajiri”, au “mchuuzi mkuu”. Akachagua “bepari”, tena akamfanya kuwa wengi, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Kabla hujafungua ukurasa wa kwanza umekwisha kuambiwa mfasiri anawatazamaje watu wale. Somo zima la mtindo laweza kufundishwa kwa jalada la kitabu hicho, wala halihitaji ubao.

Tumewaweka hawa pamoja kwa kusudi. Kuna walimu wa siku hizi ambao, wakichoka na kasumba ya pwani, huenda upande wa pili na kusema kwamba mtoto wa ziwani sharti aandike “kiziwani”, kana kwamba kuna mtindo mmoja wa ziwa uliohifadhiwa ghalani. Kitereza na Kezilahabi walitoka kisiwa kimoja, nao hawafanani hata kwa sentensi moja. Mahali humpa mwandishi akiba yake. Hapamwambii atoe nini katika akiba hiyo.

Hapa mwenzetu atauliza swali la haki: je, kila kosa sasa liitwe mtindo? Mtoto akiandika “tuliludi” tumwambie kwamba amechagua? La. Hakuchagua, hakusikia tofauti ya l na r, kama wengi wetu tuliokulia huku, na kazi yetu ni kumsikizisha. Sisi hutumia jaribio jepesi. Chukua sentensi ya mtoto, badili kitu kimoja tu, kisha msomee zote mbili kwa sauti, umwulize ipi yasema alilotaka na kwa nini. “Tuliludi” na “tulirudi”: hana la kusema, zote ni moja kwake; hilo ni kosa, lisahihishe bila hotuba. “Mtumbwi umeshiba” na “mtumbwi umejaa”: atakwambia upesi sana kwamba mtumbwi uliojaa waweza kuwa umejaa maji, na watu wake wanazama. Mtumbwi ulioshiba umepata riziki. Mtoto wa mvuvi alijua tofauti hiyo kabla ya kujua kusoma. Sisi tulimwandikia kwamba mtumbwi hauli.

Na “giza lilikuwa giza”? Badili kwa “totoro”. Neno “totoro” ni zuri, nalo lilikuwa na nguvu siku lilipokuwa jipya. Sasa lafuata giza kama mkia, na msomaji hulipita bila kuona giza lolote. “Giza lilikuwa giza” humlazimisha asimame. Kwa mvuvi wa dagaa, tena, giza lenye mwezi nyuma ya wingu si giza la kazi. Kuna giza, na kuna giza.

Jaribio hilo hilo twawapa wanafunzi juu ya vitabu vilivyochapwa. Badala ya kuwauliza mwandishi ametumia mtindo gani, tunawaambia wachukue aya moja, waibadili, li iwe ka, neno refu liwe fupi, sentensi mbili ziwe moja, kisha waandike kilichopotea. Darasa la kwanza tulilolifanya hivi lilikaa kimya dakika kumi, maana jibu halikuwamo katika daftari la maelezo. Kisha wakaanza kubishana, na kengele ilipolia hawakusikia.

Tulisema tutarudi kwa wahubiri. Mgawanyo wa zamani wa usemi mwepesi, wa kati na mkuu ungali na kazi, mradi tukumbuke kwamba kila lugha ina wepesi na ukuu wake. Tumesikia katekista mmoja kisiwani akieleza mfano wa wavu wa samaki kwa Kiswahili cha mwaloni, kwa maneno ya kawaida ya wavu na boya na kuchambua sato na furu mchangani, na watu wakitikisa vichwa. Kisha alipofika kwenye sala ya mwisho akageuka, akashika maneno marefu ya kitabu, na hapo pia watu wakamfuata. Hakuchanganya. Wahubiri vijana mara nyingi huchanganya. Huanza na ukuu tangu salamu, na wakifika mahali pa ukuu hawana tena pa kupanda.

Yule mtoto wa mtumbwi ulioshiba ni mtu mzima sasa. Tulikutana naye mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, akipakia magunia ya dagaa katika lori. Alitusalimu kwa heshima. Tulimwuliza kama analo daftari lile, akacheka, akasema, “Mwalimu, lile mama aliwashia moto.” Tukamweleza kwamba tulikosea katika kulisahihisha. Alifikiri kidogo, akauliza ni wapi. Tukamwambia: pale pa mtumbwi. Akasema, “Nilijua.” Akaendelea kuhesabu magunia.

Tunawaomba basi wasomaji wa jarida hili walio kando ya ziwa, Ukerewe, Ukara, Kome, Sengerema, Geita, Musoma na Bukoba, watuletee kila mmoja sentensi tatu au nne za wanafunzi wake, jinsi zilivyoandikwa, kabla hazijasahihishwa, bila jina la mtoto, na chini yake watuandikie walibadili neno gani na kwa sababu gani. Zikipatikana za kutosha tutazipanga na kuzichapa, l na r zikiwa pale pale zilipokuwa.